Kabla ya kurefusha kano ya kisigino: jinsi tunavyopima mwendo wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo

Watoto wenye mtindio wa ubongo wanaoletwa kwetu katika fiziotherapia mara nyingi huja na barua ya rufaa yenye maelezo mafupi: "anatembelea vidole." Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi kuamua tiba. Kisigino kinaweza kubaki hewani kwa sababu zinazotofautiana kabisa, na matibabu yanayomfaa mtoto mmoja yanaweza kumharibia mwenzake mwendo kwa maisha yake yote. Ndiyo maana ninasisitiza vipimo vitangulie kisu, yaani upasuaji wa kurefusha kano ya kisigino ili kisigino kishuke.

Tunachopima ni mzunguko wa mwendo, yaani kuanzia wayo unapogusa ardhi hadi wayo huohuo unapoigusa tena. Kwa mtembeaji wa kawaida, takriban asilimia 60 ya muda huo mguu huwa chini ukibeba uzito, na asilimia 40 huwa hewani ukisogezwa mbele. Mtoto aliyeathirika upande mmoja hufupisha muda wa kuusimamia mguu dhaifu, na tofauti hiyo inaweza kuonekana wazi kwenye takwimu hata pale macho yanapoona anachechemea kidogo tu.

Hata hivyo, takwimu za mtoto mmoja hazina maana bila kujua wenzake wa rika lake wanatembeaje. David Sutherland na wenzake wa San Diego, Marekani, walichapisha mwaka 1980 vipimo vya watoto 186 wenye afya, wa umri wa mwaka 1 hadi 7. Mtoto wa mwaka mmoja alipiga takriban hatua 176 kwa dakika, kila hatua ikiwa na urefu wa sentimita 22 hivi. Wa miaka saba alipiga takriban hatua 144, lakini kila moja ilikaribia sentimita 48. Kufikia miaka mitatu, mpangilio wa mwendo wa mtu mzima ulikuwa umeshajengeka kwa sehemu kubwa, na mabadiliko yaliyofuata yalitokana zaidi na kurefuka kwa miguu.

Hapo ndipo ulinganisho unapohitaji uangalifu. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo mara nyingi ni mfupi kuliko wa rika lake, na hutembea polepole. Kwa hiyo tunaigawanya kasi yake kwa kipeuo cha pili cha zao la urefu wa mguu na mchapuko wa mvutano wa dunia, ili mguu mfupi usihesabiwe kuwa ugonjwa. Tena, mtoto mwenye afya akiombwa atembee taratibu, naye hufupisha hatua na kupunguza kukunja goti mguu ukiwa hewani. Sehemu ya kile tunachokiita kasoro ni upole wa mwendo wenyewe, na ni haki ya mtoto kupimwa dhidi ya wenzake waliotembea kwa kasi inayokaribiana na yake.

Sasa turudi kwenye vidole. Chukua video iliyopigwa kutoka ubavuni na uisimamishe pale mguu mmoja unapobeba uzito wote huku mwingine ukiupita. Mtoto wa kwanza goti lake limenyooka, pengine hata limesukumwa nyuma, na wayo umeelekea chini: kifundo cha mguu chenyewe ndicho kilichokaza. Mtoto wa pili naye kisigino kiko juu, lakini ukipima pembe kati ya wayo na mfupa wa mbele wa mguu unakuta nyuzi 90, sawa na mtu aliyesimama kawaida. Kinachokinyanyua kisigino chake ni goti na nyonga zilizobaki zimekunjika. Jillian Rodda na Kerr Graham wa Melbourne walizitenganisha picha hizi mbili waziwazi mwaka 2001, pamoja na mikao mingine ya watoto walioathirika miguu yote miwili.

Ukimrefushia kano mtoto wa pili, unamdhoofishia misuli iliyokuwa ikiizuia sehemu ya mguu iliyo chini ya goti isianguke mbele. Kisigino kitashuka, wazazi watafurahi, kisha magoti yatazidi kukunjika mwaka hadi mwaka hadi atembee kama anayechuchumaa, huku misuli ya mbele ya paja ikichoka na magoti yakiuma. Upasuaji huo ni mwepesi kuufanya na mgumu mno kuutengua.

Video pekee haitoshi. Mtoto lazima alazwe kitandani na kupimwa. Misuli miwili mikubwa ya shavu la mguu hukutana katika kano ya kisigino: mmoja huanzia juu ya goti na mwingine chini yake. Ninakunja goti na kuusukuma wayo juu taratibu, kisha ninalinyoosha goti na kurudia. Kifundo kikikubali goti likiwa limekunjwa na kukataa likinyooshwa, aliyekaza ni ule wa juu. Kisha ninausukuma kwa haraka, kwa sababu misuli inayonasa pale tu inapovutwa kwa haraka bado inaweza kunufaika na sindano za botulinamu (dawa ya kulegeza misuli), hogo na splinti (vifaa vya kuushikilia mguu katika mkao unaofaa).

Maabara kamili ya kupima mwendo ina kamera za infraredi, vijipira vinavyoakisi mwanga vilivyobandikwa kwenye ngozi, na mabamba ya sakafuni yanayopima nguvu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kutoka Iganga na Mayuge, Uganda, ulikadiria karibu watoto 3 wenye mtindio wa ubongo katika kila 1000. Kwa wingi huo, tukiisubiri maabara, wengi watakuwa watu wazima kabla hawajapimwa. Kipimo cha Edinburgh cha mwaka 2003, ambacho hutoa alama za mwendo kwa kuutazama, hutumia video ya kawaida na vipengele 17 kwa kila mguu, na simu inatosha kuirekodi video hiyo.

Simu iwekwe kwenye kigoda kwa kimo cha goti la mtoto, isishikwe mkononi, na imtazame kwa pembe ya mraba. Mtoto avae kaptura fupi, atembee peku kwa mwendo wake mwenyewe, aende na kurudi mara kadhaa, kwa kuwa hatua zake hubadilikabadilika zaidi kuliko za mtoto mwenye afya. Apigwe video kutoka pande zote mbili, mbele na nyuma, kisha arudie akiwa na splinti zake. Tarehe, urefu wa mguu na vifaa alivyotumia viandikwe kwenye faili siku hiyohiyo.