Ndege kujaa sio ruti kulipa

Kila ruti ya uwanja mdogo ikifutwa lazima nipate ujumbe uleule: mbona ile ndege ilikuwa inajaa, mimi mwenyewe Ijumaa nilikosa siti. Anayeandika anaandika kwa uhakika kabisa, kana kwamba sisi wapanga ratiba wa mashirika ya ndege tumekaa tukaamua kuwaonea watu wa huko. Wiki hii umekuja tena, na safari hii umetoka kwa mtu anayefanya kazi ndani ya uwanja wenyewe, hapo ndipo nikaona niandike, maana hii imani kwamba ndege ikijaa basi ruti inalipa imeshaleta hasara kubwa mno, kuna majengo ya abiria yamejengwa kwa sababu yake na kuna mashirika yameanzishwa na kufa kwa sababu yake.

Tuanze na huko kujaa kwenyewe, kwa sababu mara nyingi hata hilo si kweli.

Chukua ndege ya siti 70, miruko 10 kwa wiki kutoka uwanja mdogo. Tuseme miruko 4, ile ya Ijumaa jioni, Jumapili na Jumatatu asubuhi, imejaa mpaka siti ya mwisho, na ile 6 iliyobaki ina watu 20 kila mmoja. Jumla ni abiria 400 kwenye siti 700, yaani 57%, na kwa nauli za kawaida za ruti fupi hiyo haitoshi. Sasa nenda kawaulize abiria wenyewe. Kati ya hao 400, watu 280 walikaa kwenye ndege iliyojaa, kwa hiyo 7 kati ya kila 10 watakuapia kwamba ndege ile inajaa, na hawadanganyi, ndicho walichokiona kwa macho yao. Ile ya Jumanne mchana yenye watu 20 waliiona hao 20 tu. Ndiyo maana nikiambiwa "kila mtu anasema inajaa" huwa sishangai hata kidogo, hesabu yenyewe inawafanya waseme hivyo.

Na jibu linalofuata nalijua: basi ondoeni ile mitupu mbaki na ile minne. Haiwezekani hivyo. Pesa ya kukodi ndege inalipwa kwa mwezi, bima inalipwa kwa mwaka, mishahara ya kruu (marubani na wahudumu) haijali imeruka au imelala. Ukipunguza miruko umeokoa hasa mafuta na ada za kutua, gharama nyingine nyingi unazibebesha ile minne. Alafu yule abiria wa Ijumaa alinunua tiketi kwa sababu alijua akimaliza shughuli mapema anaweza kurudi Jumanne. Mwondolee Jumanne uone kama Ijumaa yake hamtaipoteza na yenyewe.

Kuhusu nauli sitasema mengi. Ndege yoyote inaweza kujazwa ukishusha bei vya kutosha, kwa hiyo swali la kwanza siku zote ni imejaa kwa shilingi ngapi.

Kuna kujaa kwingine ambako abiria hakuoni. Njia ya kurukia ni fupi, uwanja uko juu, jua linawaka, hewa nyepesi, injini na mabawa vyote vinatoa kidogo kuliko asubuhi ya baridi. Ndege ina siti 70 lakini siku hiyo inaweza kuondoka na watu 58 tu. Ongeza kwamba uwanja mdogo mara nyingi hauna mafuta, au unayo ya bei ya kuumiza, kwa hiyo unabeba ya kurudia kabisa kutoka kituo kikuu, yaani uwanja mkubwa ambao ndio makao ya shirika. Ongeza hali ya hewa mbaya, unatakiwa uwe na mafuta ya kukufikisha uwanja mbadala na juu yake akiba ya mwisho ya dakika 30 kwa ndege za injini za tabini. Kila kilo ya mafuta ni kilo ambayo abiria au mzigo wake hakai. Abiria anaona "imejaa, wameniacha", sisi tunaona siti 12 ambazo hatukuruhusiwa kuziuza.

Sasa nifike kwenye kinachonichosha kuliko vyote, kwa sababu hapa hata watu wa ndani ya sekta wanateleza.

Ndege haina ruti, ndege ina siku. Ninachopanga mimi ni siku nzima ya ndege, kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 4 usiku, na kila mruko unagombea nafasi ndani ya siku hiyo. Mruko wa dakika 45 unafuatiwa na kama nusu saa ya kukaa chini kushusha na kupakia, kwa hiyo ndege ya ruti fupi inatumia sehemu kubwa ya siku yake ikiwa imesimama haiingizi chochote. Magurudumu, breki, miguu ya ndege na sehemu nyingi za injini uchakavu wake unafuata idadi ya kuruka na kutua, umbali hauna habari nayo. Na kruu nao wana ukomo. Kanuni za Ulaya zinaanzia saa 13 za zamu kwa siku kama kiwango cha juu cha kawaida, alafu kuanzia mruko wa tatu unakatwa dakika 30 kwa kila mruko. Yaani kruu wa miruko 6 mifupi kapoteza saa 2 nzima, wakati mwenzake wa miruko 2 mirefu hajapoteza hata dakika. Kiafya ni sahihi kabisa, kutua mara 6 kunachosha, mimi siilalamikii kanuni. Ninachosema ni kwamba gharama yake inaangukia ruti fupi.

Hapo bado hatujagusa kulala. Abiria anayelipa nauli nzuri ni mtu wa kazi, anataka kuondoka kwao asubuhi, amalize mikutano, jioni arudi alale kwake. Ili hilo litokee ndege lazima ilale uwanja mdogo. Watu wanadhani ni kuipaki tu na kufunga mlango. Jamani. Ndege ikifika saa 4 usiku, kruu wanamaliza kazi kama saa 4 na nusu. Ili iondoke saa 12 asubuhi wanatakiwa waripoti saa 11 na robo hivi. Hapo katikati hamna hata saa 7, na kanuni hizohizo za Ulaya zinataka mapumziko yasiyopungua saa 10 ukiwa nje ya kituo chako, na kwingine viwango vinatofautiana ila shida ni hiyohiyo. Kwa hiyo kruu walioileta usiku hawaiondoi asubuhi. Wanaoiondoa ni waliokuja usiku wa juzi yake, na hawa wa leo watakaa hotelini kutwa nzima ya kesho waondoke kesho kutwa asubuhi. Marubani 2 na wahudumu 2 wanalipwa, wanalala, wanakula, hawarushi kitu, na hiyo ni kila siku ya mwaka. Unaweza kuamua kruu waishi hukohuko, sawa, siku rubani mmoja akiamka na homa unamtoa wapi mwingine saa 10 alfajiri? Na fundi je? Ukimweka fundi pale analipwa mshahara kwa kazi ya saa moja kwa usiku, usipomweka, asubuhi taa moja ikiwaka kwenye paneli basi fundi na spea vinatakiwa kuja na ndege ya kwanza, na ndege ya kwanza ndiyo hiyo iliyokwama.

Ukisema basi ilale kituo kikuu, gharama zinashuka kweli. Itafika uwanja mdogo kwenye saa 2 au saa 3 asubuhi, iondoke hapo, na mtu wa kazi akifika mjini nusu ya siku imeshakwenda, jioni ya kurudi hana. Mara ya pili anaendesha gari mpaka uwanja mkubwa au anafanya mkutano kwa video. Wanaobaki ni wasio na haraka, na asiye na haraka anasubiri bei ishuke. Na ndege itajaa vizuri tu! Hii ndiyo ile ndege iliyojaa mnayoniandikia habari zake.

Mengine nayapitia haraka. Ukubwa wa ndege: ruti nyingi za viwanja vidogo zinahitaji siti 30 hivi, na hiyo ndege mpya hamna dukani. Saab 340 iliacha kutengenezwa 1999, Beechcraft 1900 ya siti 19 ikaacha 2002, na Dash 8-400 ya siti zaidi ya 70 imesimama kutengenezwa tangu 2021. Ukitaka mpya unachukua za siti 19, au unarukia ATR 42 ya siti kama 48 na ATR 72 ya siti 70 na kitu. Marubani ni 2 kote huko. Mhudumu hahitajiki mpaka siti 19, anahitajika 1 mpaka siti 50, zaidi ya hapo ni 2.

Zimamoto: ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, inapanga viwango 10 kwa urefu wa ndege na upana wa kiwiliwili chake. ATR 42 ina mita 22.7, iko kiwango cha 4, ATR 72 ina mita 27.2, inaingia cha 5. Uwanja wenye miruko michache unaruhusiwa kushuka kiwango kimoja, lakini magari na watu lazima wawepo, kwa mruko mmoja au ishirini. Mashine za ukaguzi vilevile, mnara vilevile. Kwenye mnara kuna unafuu umeanza kuonekana, Örnsköldsvik kule Sweden ilianza kuongozwa kwa kamera kutoka Sundsvall 2015, na natamani viwanja vingi zaidi viige.

Hali ya hewa: uwanja wenye ILS ya kawaida (mitambo ya redio ya kumwongoza rubani kutua) rubani anashuka mpaka futi 200 kabla ya kuamua, uwanja wenye kinara cha redio tu anaamulia juu zaidi ya hapo, na wingu likikaa katikati ya vimo hivyo viwili ndege inageuza. Hapa teknolojia imesaidia kweli. Mitambo ya kusahihisha GPS, WAAS ya Marekani tangu 2003 na EGNOS ya Ulaya tangu 2011, inampa rubani karibu kilekile cha ILS bila kusimika chochote uwanjani. Meneja wa uwanja akiniuliza pesa aweke wapi kati ya jengo jipya la abiria na taratibu za kutua za namna hiyo pamoja na taa za njia, namwambia bila kufikiri mara mbili aliache jengo. Hakuna abiria aliyeacha kusafiri kwa sababu ya dari, wanaacha kwa sababu walipelekwa uwanja mwingine wakarudishwa kwa basi usiku.

Marubani: baada ya ajali ya Colgan Air karibu na Buffalo Februari 2009, watu 50 wakafa, Marekani ikaweka sharti la saa 1,500 za kuruka kwa rubani msaidizi pia, ikaanza 2013. Rubani anapata uzoefu kwenye ndege ndogo kisha anaondoka kwenda kubwa, na ukipungukiwa na marubani ruti za kwanza kukatwa ni zetu hizi.

Sasa niseme ninachokitilia shaka, maana wanaofundisha hii kazi hawakisemi. Abiria wengi wa uwanja mdogo hawaishii kituo kikuu, wanaunganisha. Mtu anaruka kilomita 300 alafu kilomita 5,700. Ukigawa pesa ya tiketi kwa umbali mtupu, ule mguu mfupi, yaani mruko wa kilomita 300, unapata 5%, na hakuna mguu mfupi unaoweza kuishi kwa hiyo. Basi kuna mizani ya kuuongezea fungu lake. Wengine wanakwenda mbali zaidi, wanaihesabia ruti fupi faida yote ya ule mguu mrefu, kwa hoja kwamba bila mguu mfupi abiria asingekuja. Ukihesabu kwa njia ya kwanza, ile ya umbali, karibu kila ruti ya uwanja mdogo inakufa, ukihesabu kwa ya pili karibu kila moja inaishi, na pesa ileile inahesabiwa na idara mbili. Kiukweli sijui ipi ni sahihi. Nimeshatetea ruti kwa hesabu ya pili na nimeshaona nyingine zikifutwa kwa ya kwanza, na nadhani ukweli unategemea kama ule mguu mrefu ungejaa hata bila abiria wetu, kitu ambacho hakuna anayeweza kukipima vizuri. Vivyo hivyo makadirio ya abiria wanaotoroka kwa gari kwenda uwanja mkubwa. Tunachora duara kwenye ramani tunasema humu asilimia kadhaa watarudi. Hiyo asilimia ni makisio, hata ikiwa kwenye jedwali zuri.

Ndiyo maana sehemu nyingi suala linaishia kwa serikali. Marekani ilipoachia soko huria la anga 1978 ilianzisha hapohapo mpango wa kulipia safari za miji midogo, na Ulaya ina kanuni ya 1008 ya 2008 inayoruhusu nchi kununua huduma kwenye ruti zisizojilipa. Naunga mkono kabisa, ila zabuni nyingi zinanunua vitu visivyo sahihi. Zinaandika idadi ya siti kwa mwaka. Shirika linaleta ndege kubwa mara moja kwa siku mchana, siti zimetimia, mtu wa kazi hawezi kuitumia, na pale wanasema watu wa huku hawapandi ndege. Andikeni saa ya kuondoka asubuhi na saa ya kurudi jioni. Andikeni ndege italala wapi na nani analipia hoteli ya kruu. Andikeni miaka 4, si mwaka 1, kwa sababu abiria haachi gari lake kwa ruti ambayo hajui kama mwakani itakuwepo. Na msiweke kila kitu kwa shirika moja kama mnaweza kuepuka, shirika la Flybe la Uingereza lilipoanguka Machi 2020 viwanja kama Southampton na Belfast City vilipoteza sehemu kubwa ya safari zao kwa usiku mmoja.

Kwa hiyo ukitaka kunibishia karibu sana, ila usinitumie picha ya foleni ya Ijumaa. Nitumie abiria wa Jumanne, wastani wa nauli waliyolipa, na wangapi kati yao walikuwa wanaunganisha, hapo tutaongea.