Mbadala salama wa vali ya rektifaya: maana yake

Redio na amplifaya za zamani huendeshwa na vali, yaani mirija ya kioo iliyoondolewa hewa. Mmoja kati ya mirija hiyo haukuzi sauti. Kazi yake ni kupokea mkondo geu kutoka kwenye transfoma na kuupitisha upande mmoja tu, ili vali nyingine zipate mkondo mnyoofu. Hiyo ndiyo rektifaya, na asili yake ni diodi iliyobuniwa na John Ambrose Fleming mwaka 1904. Ikifa, na ya aina yake isipopatikana, ndipo hutafutwa mbadala.

Mbadala salama si vali yoyote inayoingia kwenye soketi na kuwaka. Vali za rektifaya 5Y3, 5U4 na GZ34 (Marekani huitwa 5AR4) zote hukaa kwenye soketi ile ile ya pini nane: umeme wa filamenti (waya unaopata moto ndani ya vali) kwenye pini ya 2 na ya 8, anodi (mabamba yanayopokea elektroni) kwenye ya 4 na ya 6. Zote zinatumia volti 5 za filamenti. Chomeka yoyote, itawaka. Kufanana huko ndiko kunakoponza watu. Iliyo salama ni ile isiyoitwisha transfoma mzigo mpya, isiyopandisha volti za chombo, na yenye uwezo wa kutoa mkondo unaotakiwa.

Tuanze na filamenti. Ya 5Y3 inakula ampea 2. Ya 5U4 inakula 3. Waya wa transfoma uliosukwa kwa ajili ya ampea 2 ukidaiwa 3 utapata moto kupita kiasi kila siku, mpaka kihami chake kiungue. Vali hununuliwa nyingine. Transfoma ya chombo cha zamani ni shida kweli kuipata, kwa hiyo kosa hili ndilo linaloniuma kuliko yote.

Linalofichika zaidi ni volti zinazopotea ndani ya vali yenyewe. 5Y3 hupoteza takriban volti 50 ikipitisha miliampea 125, ambayo ndiyo mwisho wake. GZ34 hupoteza takriban 17 tu hata ikipitisha 225. Ukiiweka GZ34 mahali pa 5Y3, filamenti haina tatizo, kwani inataka ampea 1.9, lakini volti za chombo kizima zinapanda, na vali za kutoa sauti pamoja na kapasita (vifaa vinavyohifadhi chaji) hubeba volti zisizopimiwa. Kinyume chake, rektifaya ya 5V4 mahali pa GZ34 mara nyingi inakubalika: filamenti ampea 2, upotevu unaozidi kidogo tu, mradi chombo hakihitaji zaidi ya miliampea 175.

Usiamini maandishi ya kwenye kioo pekee. Zipo vali zilizochapwa 5Y3 ambazo kwa ndani ni 5Ц4С ya Kirusi, na hizo hupoteza volti chache kuliko 5Y3 halisi.

Na diodi za silikoni, zinazofanya kazi ile ile bila filamenti, je? Zinafaa, ila kwa hesabu. Transfoma ya volti 350 kila upande hufika kilele cha 495, na diodi iliyofunga hukabiliwa na maradufu yake, 990. Diodi ya silikoni ya 1N4007 mwisho wake ni volti 1000. Hiyo si nafasi ya kupumua. Weka mbili mfululizo kila upande. Halafu silikoni haingoji kupata joto: volti zote 495 hufika papo hapo, vali nyingine zikiwa bado baridi na hazivuti kitu. Kapasita iliyoandikwa volti 450 itaumia hapo hapo. Rezista (kizuizi cha mkondo) ya kuiga upotevu wa vali husaidia mkondo ukishaanza kupita, lakini katika sekunde hizo za mwanzo haipunguzi kitu.

Ukishabadilisha, pima volti kwenye kapasita ya kwanza chombo kikiwa kimepata joto, ulinganishe na mchoro wake. Zikizidi sana, zima. Kabla ya kugusa chochote ndani, chomoa waya wa umeme, toa chaji ya kapasita kupitia rezista, kisha pima tena uhakikishe volti zimebaki sifuri, kwa sababu kapasita hushikilia chaji ya kuua hata chombo kikiwa kimechomolewa.