Saratani ya utumbo mpana: tuanze na unga, soseji na maharage

Kila ifikapo Machi, mwezi wa uhamasishaji kuhusu saratani ya utumbo mpana, tunaulizwa kama nyama choma inaleta saratani. Choma ya mara moja moja si tatizo kubwa. Tatizo ni kile kinachorudi mezani kila siku kwa miaka.

Mwaka 2015, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliweka nyama za kusindikwa, kama soseji, bekoni na nyama ya kopo, kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Kula gramu 50 kila siku, yaani soseji moja ya wastani, huongeza hatari kwa takriban asilimia 18. Hii haina maana kwamba walaji 18 kati ya 100 wataugua! Ni nyongeza juu ya hatari ambayo mtu anayo tayari, na tunaomba tafsiri hiyo potofu isiendelee kusambazwa. Nyama nyekundu hatujaikataza: isizidi gramu 350 hadi 500 za nyama iliyopikwa kwa wiki, na palipoungua pakatwe.

Kinga kubwa ni nyuzinyuzi, gramu 30 hivi kwa siku. Bakteria wa utumbo mpana huzichachusha na kutoa butireti, ambayo hulisha seli za ukuta wa utumbo. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina gramu 12 hadi 15. Dona ina takriban gramu 7 katika kila gramu 100 za unga; sembe iliyokobolewa ina pungufu sana. Ila dona ina kiini chenye mafuta, hivyo huchacha mapema: saga ya wiki mbili tu. Kabla ya kusaga, chambua punje zenye ukungu, kwa sababu sumukuvu hukaa zaidi kwenye pumba na kiini. Ongeza nyuzinyuzi taratibu pamoja na maji. Anayeanza kwa pupa hujaa gesi, akaacha siku ya tatu. Dawa za "kusafisha tumbo" hazichukui nafasi ya mboga.

Lishe hupunguza hatari, haiiondoi, kwa hiyo kuanzia miaka 45 hadi 50 ulizia kipimo cha damu iliyojificha kwenye kinyesi. Tandika karatasi kavu, kinyesi kisiguse maji wala mkojo. Choma kijiti sehemu kadhaa tofauti, kirudishe kwenye kichupa, andika tarehe na uwahishe maabara. Kama ni kipimo cha aina ya zamani, acha nyama nyekundu na vidonge vya vitamini C siku tatu kabla. Usipofanya hivyo majibu yanaweza kupotosha.

Ukiona kwa macho damu kwenye kinyesi, usisubiri kipimo hiki, na usijitibu bawasiri kwa dawa ya dukani. Bawasiri na saratani zote hutoa damu, na mtu mmoja anaweza kuwa nazo zote mbili. Mweleze daktari wazi, akupime kwa kidole kwenye njia ya haja kubwa, na ikibidi akupe rufaa ya kolonoskopi, yaani kipimo cha kuangalia ndani ya utumbo mpana kwa kamera.