Usiishie Mstari wa Kumi

Kila mwongozo ninaouandaa kuhusu utunzaji wa uumbaji unapofika kwenye vikundi vya Biblia hapa Malindi, hakosi ndugu wa kufungua 2 Petro 3:10, akasoma kwamba nchi na kazi zilizomo ndani yake zitateketea, kisha akauliza mikoko ya hori la Mida, hapa jirani, inatuhusu nini. Upole wa kulijibu swali hilo umeniishia, kwa sababu anayeliuliza hufunga Biblia kabla ya mstari wa 11, ambapo Petro mwenyewe anauliza: ikiwa vyote vitafumuliwa hivyo, imewapasa kuwa watu wa tabia gani? Mtume anautaja moto ili adai mwenendo mtakatifu, nasi tunautaja ili tupate ruhusa.

Tena Petro hakuanza na moto. Mstari wa 6 unakumbusha gharika, na kabla ya gharika hiyo Nuhu aliagizwa kuwahifadhi wanyama wa kila namna. Ilipokwisha, Mungu akafanya agano si na wanadamu peke yao, bali, kwa Mwanzo 9:10, na ndege, mnyama wa kufugwa na kila mnyama wa mwitu. Hukumu ilikuwa imekwisha kutangazwa, na bado agizo likawa ni kuhifadhi. Natamani nimsikie huyo ndugu akimweleza Nuhu kwamba safina ni kupoteza mbao.

Kuhusu "mkatawale" ya Mwanzo 1:28, ambayo wengine huishika kama ruhusa ya kuutumia uumbaji wapendavyo, sitakawia: soma 2:15, "ailime na kuitunza", uendelee.

Mashaka yangu yako kwenye utekelezaji. Miongozo mingi huishia kusema tupande miti, ilhali kikundini ameketi mtu anayechoma makaa karibu na Arabuko-Sokoke, msitu wa takriban kilomita za mraba 420, ili apate karo ya mtoto. Ndiyo maana nauheshimu mpango wa ASSETS wa A Rocha Kenya, shirika la Kikristo lililoko Watamu, ambao tangu 2001 umesaidia karo ya sekondari kwa familia zinazopakana na msitu huo na hori la Mida, sehemu ya fedha ikitokana na wageni wanaolipia kupita kwenye daraja la mbao katikati ya mikoko. Nina shaka kama somo la Warumi 8 pekee, kuhusu uumbaji wote unaougua, hata liandikwe vizuri namna gani, linaweza kumtoa mzazi msituni kabla karo haijapatikana. Silifuti, ila nalisogeza lije baada ya washiriki kuambiana waziwazi nani anautegemea msitu kwa lipi. Viongozi wa vikundi hulalamika kwamba hapo mjadala hupita saa moja, na upite.