Kigunduzi cha infraredi hakipozwi kwa kuogopa kuungua

Wanafunzi wa fizikia hapa Lubumbashi hawachoki kuniambia kwamba vigunduzi vya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho, wenye mawimbi marefu kuliko mwekundu) kwenye darubini kubwa hupozwa ili visiungue, kama kompyuta inavyowekewa feni. Sivyo kabisa! Kigunduzi kama H2RG, aina inayotumika sana kwenye darubini, kinaweza kukaa mezani kwenye joto la chumba na kisiharibike. Ila hakitaona kitu.

Silikoni ya kamera za kawaida haipokei mwanga wenye urefu wa wimbi unaozidi mikromita 1.1 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), kwa sababu fotoni zake, yaani chembe za mwanga, hazina nguvu ya kung'oa elektroni. Kwa hiyo H2RG hutumia mchanganyiko wa zebaki, kadimiamu na teluri, wenye pengo dogo la nishati (nguvu inayohitajika kung'oa elektroni), ili ifike mikromita 2.5 au zaidi ya 5. Lakini pengo likiwa dogo hivyo, joto peke yake linairusha elektroni, na pikseli inajaa bila fotoni hata moja kuingia. Huo ndio mkondo wa gizani. Spektrografu, kifaa cha kutenganisha rangi za mwanga, nayo imeshautawanya mwanga hafifu wa galaksi juu ya pikseli nyingi, kila moja ikipata fotoni chache mno; elektroni za joto zikizishinda, umekosa kipimo. Ndiyo maana kigunduzi hushushwa hadi kelvini 80 (kama nyuzi -193 za Selsiasi) au chini yake. Vioo vya ndani ya spektrografu navyo hupozwa, ndani ya ombwe, maana chochote chenye joto la chumba hutoa infraredi. Katika KMOS, spektrografu ya infraredi kwenye darubini kubwa za VLT kule Paranal, Chile, hata mikono 24 ya kuchukulia mwanga hufanya kazi ndani ya baridi kali.

Mtasema kamera za joto za mafundi wa umeme migodini hazipozwi. Kweli, lakini zile hupima jinsi kipande kidogo kinavyopashwa joto, na kebo iliyochemka si galaksi.

Eti pikseli milioni 4 za H2RG ni chache kuliko za simu? Kila moja ina upana wa mikromita 18, na inasomwa mara nyingi bila kufutwa. Chora usomaji huo kwenye karatasi, tafadhali, kwa mkono: mstari unapanda polepole, kisha ghafla unaruka ngazi. Hapo mionzi ya anga imepiga. Mteremko kabla na baada ya ngazi bado ni mwanga halali, usiutupe.

Na alama ya mwanga inayobaki kwenye kigunduzi baada ya nyota angavu si uharibifu. Ni chaji zilizonaswa, zinazoachiliwa taratibu. Panga shabaha hafifu kwanza, angavu baadaye.