Kadi ya kliniki yenye kona iliyoliwa na panya

"Bwana ustawi, wameandika ana miaka kumi na minane. Mimi ndiye niliyemzaa!"

Mama huyo alitoka Kibirizi, hapa Kigoma, na kunifuata asubuhi kwenye ofisi yetu ya ustawi wa jamii. Mwanawe alikuwa ameshikwa na polisi usiku, akidaiwa kuiba betri mbili za taa za kuvulia dagaa. (Mambo mawili matatu nimeyabadili asitambulike.) Nikamuuliza kama ana cheti cha kuzaliwa. Hana. Kadi ya kliniki? Akarudi nayo saa saba mchana, kaifunga kwenye pindo la kitenge. Panya walishakula kona, lakini tarehe ilisomeka: kijana alikuwa na miaka 15 na miezi minne. Urefu wake tu ndio uliomponza.

Watu hushangaa kwamba naanza na kadi kabla ya betri. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na hapo kila kitu kinabadilika. Kesi yake husikilizwa faragha na Mahakama ya Watoto, mzazi au mlezi akiwepo, na sisi wa ustawi tukiwepo. Akikutwa na hatia hafungwi jela. Sheria imekataza waziwazi. Akiandikwa 18, hayo yote yanampita pembeni. Aliye chini ya miaka 10, Kanuni ya Adhabu haimhesabii jinai kabisa, na kati ya 10 na 12 lazima ithibitishwe kwamba alijua analofanya ni kosa.

Kwa kosa kama la kijana wangu, polisi walitakiwa kumwachia kwa dhamana. Mauaji na makosa mazito ni habari nyingine. Akikosa dhamana, pa kumweka ni mahabusu ya watoto, nazo ni chache mno, kama za Dar es Salaam, Arusha, Moshi, Tanga na Mbeya. Ukiwa Kigoma, taja mji wowote kati ya hiyo uone uso wa mama unavyobadilika. Ndiyo maana kwanza natafuta ndugu wa kuaminika, maana sheria inaruhusu mahakama kumkabidhi kwa mtu anayefaa.

Kadi ilipokubaliwa nikaenda kwao kuandika ripoti ya uchunguzi wa kijamii, ile inayomweleza hakimu maisha ya mtoto. Kazi hii siipendi kuifanyia ofisini. Jirani mmoja anayeanika dagaa hukwambia mengi kuliko faili zima. Baba alivuka kwenda upande wa Kongo, hajarudi. Shule kijana aliiacha darasa la sita, akawa analala kwenye mitumbwi. Mwenye betri naye alichotaka ni betri zake tu.

Hakimu angeweza kumpeleka Irambo, Mbeya, shule ya maadilisho ya kurekebisha watoto waliokosa, lakini alimwachia kwa masharti, chini ya mjomba wake fundi mitumbwi, nami nikimfuatilia.

Ukikosa kadi, leta cheti cha ubatizo au rejista ya shule. Hata maneno ya mama mahakama huyapokea. Makadirio ya daktari mimi nayaweka mwisho, kwa sababu hukupa "kati ya 16 na 19", na hapo katikati ndipo ugomvi ulipo.

Kadi ile nilitoa nakala mbili, ya asili nikamrudishia mama. Akaifunga tena kwenye pindo.