"Si ni opensosi bwana, unaogopa nini?"

Hii kauli naisikia karibu kwa kila mteja anayetaka tumtengenezee toleo lake la programu fulani. Anataka tuchukue programu huria (ndiyo hiyo opensosi, msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, uko wazi kwa yeyote kuuchukua na kuubadilisha), tubadilishe rangi, tuongeze vitu viwili vitatu, halafu tuisambaze kwa jina lile lile na logo ile ile kwa sababu watu washaizoea. Nikimwambia jina siyo lako ananiangalia kama natafuta sababu ya kupandisha bei.

DHANA: msimbo ukiwa huria, na jina huria.

Hapana. Leseni inakupa msimbo. Jina na logo ni alama ya biashara, hiyo ni sheria nyingine kabisa na ina mwenyewe. Mwaka 2006 Debian, watengenezaji wa mfumo endeshi huria wa kompyuta, walikuwa wanasambaza brauza ya Firefox bila ile logo ya mbweha, maana leseni ya picha yenyewe haikukidhi masharti yao ya programu huria. Mozilla, wenye Firefox, wakagoma: ukitumia jina weka na logo, na mabadiliko yenu tuyapitishe sisi kwanza. Sasa toleo thabiti la Debian linakaa miaka, Mozilla wakishaacha kuihudumia Firefox ya zamani Debian wanachukua marekebisho ya usalama ya matoleo mapya wanayarudisha wenyewe kwenye lile la zamani, kila kiraka ukaombe ruhusa kweli? Debian wakabadilisha jina tu yakaisha. Firefox ikawa Iceweasel, Thunderbird, programu ya Mozilla ya barua pepe, ikawa Icedove, mpaka 2016 Mozilla walipokubali kwamba viraka vya Debian haviharibu ubora, na logo nayo ilishapata leseni inayokubalika, ndo jina la Firefox likarudi. Miaka kumi! Na muda wote huo msimbo ulikuwa huria, hakuna aliyezuiwa kuuchukua.

Mozilla wenyewe nao yaliwakuta. Brauza yao 2002 iliitwa Phoenix, kampuni ya Phoenix Technologies wakalalamika, 2003 wakahamia Firebird, kumbe kuna databesi huria ina jina hilo hilo, wakapigiwa kelele, 2004 ndo wakatua kwenye Firefox.

Kwahiyo ushauri wangu, na nitaurudia hata ukinikunjia uso: kabla hujaprinti stika wala kununua domeni, soma sera ya alama ya biashara ya huo mradi. Ukishagusa msimbo tafuta jina lako, na lisifanane fanane na la wenyewe. Hata masharti ya Debian yanaikubali leseni inayodai kwamba ukibadilisha programu ubadili na jina.

DHANA: jina geni maana yake feki.

Kuna maofisi mpaka leo yanaikataa LibreOffice, programu huria ya kuandikia barua na kupigia hesabu, eti ni kopi ya OpenOffice. Jamani, wengi wa waliokuwa wanaijenga OpenOffice.org ndio walioondoka Septemba 2010 wakaanzisha The Document Foundation, baada ya kampuni ya Oracle kuinunua Sun, kampuni iliyokuwa na OpenOffice.org. Walimwomba Oracle awaachie jina, hakutoa. LibreOffice lilikuwa jina la muda tu, likabaki.

DHANA: hakuna anayeamua, kila mtu anajifanyia.

Januari 2011 watu wa Hudson, programu huria ya kuunda na kujaribu programu nyingine kiotomatiki, walipiga kura wabadilishe jina au wabaki nalo, 214 wakataka liwe Jenkins, 14 wakakataa. Sababu? Oracle tena, alikuwa anadai jina la Hudson ni lake. Ila siyo kila kitu kinapigiwa kura, majina ya matoleo ya Debian kama Buzz na Bookworm yanatoka kwenye filamu za Toy Story na yanachaguliwa na timu ya matoleo, usihangaike kupendekeza jina la kijiji chenu.

DHANA: programu huria ni marufuku kuuza.

GPL, moja ya leseni za programu huria, inaruhusu kuuza, bei panga mwenyewe. Ila ukimuuzia mtu lazima apate na msimbo, na akitaka kuigawa bure kesho yake huna la kumfanya. Mimi wateja nawaambia wauze huduma: kuifunga, kufundisha watu, na kupokea simu saa tano usiku sava ikilala.